Foo ya 31 na Mkono wa Kuchora: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Chuo cha Sanaa Ukiwa Tanga au Bagamoyo

Mwisho wa Januari, matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, banda langu la mabango hapa Ngamiani, Tanga, hugeuka ofisi ya ushauri. Sikuwahi kuitangaza kazi hiyo wala silipwi. Wiki hiyo watu hawaji kuandikisha bango la duka, wanakuja na watoto wao.

"Shikamoo, fundi," kijana anasema, kakumbatia daftari la hesabu ambalo kurasa zake za nyuma zote zimejaa sura za watu.

"Marahaba. Hujambo, dada?"

"Sijambo, kaka. Huyu mpwao kapata foo. Mkono anao, nawe shahidi, mwaka juzi alikusaidia bango la saluni. Sasa nimpeleke wapi?"

"Foo ya ngapi?"

"Ah, foo si foo tu, kaka?"

Hapana, na wengi hukwama hapo hapo. Foo, yaani daraja la nne, ziko za namna nyingi, na mtoto wa kwanza anaweza kuwa chuoni mwaka huu huu wakati wa pili, mwenye pointi zile zile, hawezi. Kwa hiyo tuanzie kwenye karatasi ya matokeo, kipaji tutakifikia.

Hatua ya kwanza: hesabu masomo aliyofaulu, achana na pointi

Baraza la Mitihani hutoa alama hivi: A ni 75 hadi 100, B ni 65 hadi 74, C ni 45 hadi 64, D ni 30 hadi 44, chini ya hapo ni F. Katika pointi A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5, na yanahesabiwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. Daraja la nne linaanzia pointi 26 hadi 33. Vyuo vya ufundi na vya kati haviulizi daraja. Vinauliza: umefaulu masomo mangapi? Kwa kozi za cheti na stashahada, kiwango cha chini cha kawaida ni masomo manne, kila moja D au zaidi.

Sasa tazama mchezo wa pointi 31. Mwenye D nne na F tatu ana 31: huyo anaingia. Mwenye C mbili na F tano naye ana 31, lakini kafaulu mawili tu: haingii. Mwenye C moja, D mbili na F nne ana 31 hiyo hiyo, na amepungukiwa somo moja. Nimewahi kuona ndugu wawili wakinuniana kwa sababu mmoja alikubaliwa na mwingine akakataliwa kwa "foo sawasawa". Ni kutohesabu tu.

La pili, nalo kwa watu wa pwani yetu ni kubwa: masomo ya dini hayamo katika hayo manne. Watoto wengi wa Tanga na Bagamoyo hufanya Elimu ya Dini ya Kiislamu, wengine Maarifa ya Biblia, na mara nyingi ndiko wanakopata alama zao nzuri. Mtoto mwenye D ya Kiswahili, D ya Uraia, D ya Historia na B ya Dini, kwa macho ya chuo ana masomo matatu. Chukua kalamu, lifute somo la dini, kisha uhesabu upya.

Yakifika manne, nenda hatua ya pili. Yakiwa matatu au mawili, usilie bado. Anaweza kurudia masomo machache akiwa mtahiniwa wa kujitegemea, maana hakuna sheria ya kuyabeba yote saba tena, na usajili hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka, kwa hiyo asichelewe. Chagua masomo anayoyaweza. Kama hajakomaa kwenye Hisabati kwa miaka minne, miezi kumi ya tuisheni haitamkomaza. Mpe Kiswahili, Jiografia, Historia. Mwaka huo huo wa kurudia ndio mwaka wa kuandaa kazi zake za sanaa, na nitaeleza namna.

Nisilolishauri ni kurudia mara tatu, mara nne, kwa ajili ya kufukuzia kidato cha tano. Mtoto wa kuchora anageuka mtoto wa mtihani, na akifika miaka ishirini na tatu hana cheti wala mkono.

Kuna jambo lingine huniuma. Baraza la Mitihani lina mitihani ya sanaa za ufundi, muziki na sanaa za maonyesho, ila shule zinazofundisha masomo hayo ni chache mno. Ndiyo kusema mtoto wako amepimwa kwa kila kitu isipokuwa kile anachokiweza. Ukiitazama karatasi yake ya matokeo, likumbuke hilo kabla hujafungua mdomo.

Hatua ya pili: mwachie mwezi mmoja, umwone

Kupenda sanaa na kufanya sanaa ni mambo mawili. Kijana akija kwangu humpa mtihani mdogo: michoro thelathini kwa siku thelathini, penseli na karatasi tu, kila mmoja wa kitu alichokiona kwa macho yake. Wavuvi wanaoshusha samaki Deep Sea, mama muuza mihogo, soko la Mgandini, paa la kituo cha reli. Aliyeko Bagamoyo ana milango ya nakshi ya Mji Mkongwe, ana magofu ya Kaole, ana ufukwe wenye majahazi. Hakosi cha kuchora.

Kwa wa muziki ni wimbo mmoja mpya kila wiki, aujue mpaka mwisho. Kwa wa kuigiza ni mtu mmoja wa mtaani kila wiki, amchunguze anavyotembea, anavyokaa, anavyokohoa, kisha atuonyeshe.

Baadhi huja siku ya nne na kusema kazi zimebana. Hao hawahitaji chuo cha sanaa, wanahitaji kitu kingine, na ni heri mzazi ajue kabla hajalipa ada. Wengine huleta michoro hamsini. Mwongozo uliobaki ni wa hao.

Hatua ya tatu: jua milango iliyopo

Mlango mkubwa kuliko yote uko jirani nasi. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, ilianza mwaka 1981 ikiitwa Chuo cha Sanaa, na mwaka 2007 ikawa wakala wa serikali. Wakongwe bado wanaiita Chuo cha Sanaa, na ukishuka stendi ya Bagamoyo ukauliza hivyo utaonyeshwa. Wanafundisha ngoma, muziki, maigizo, uchoraji na uchongaji, sarakasi, ufundi wa jukwaa, na siku hizi filamu na kazi za kidijitali. Ni chuo cha vitendo. Ukipita pale utasikia ngoma kabla hujaliona lango. Tena kina tamasha lake la kila mwaka, lililoanza miaka ya mwanzo ya 1980, na ushauri wangu ni kumpeleka mtoto kwenye tamasha kabla ya kumjazia fomu. Wanafunzi na walimu wanapanda jukwaani, anawaona kwa macho, anajua kama anataka kuwa kama wao. Hakuna kipeperushi kinachoweza kumwambia hayo.

TaSUBa hutoa pia kozi fupi, na hizo ni njia nzuri kwa asiyefikisha masomo manne. Hazitampa stashahada, lakini zitampa mafunzo, watu wa kujuana nao, na kazi za kuonyesha baadaye.

Mlango wa pili ni VETA, vyuo vya serikali vya ufundi stadi. Wazazi wengi wanaijua kwa umeme na magari, wanasahau kwamba ushonaji na ubunifu wa mavazi, useremala, upakaji rangi na uandishi wa mabango nazo ni fani za ufundi stadi. Si kila chuo kina fani zote, basi nenda pale chuo cha VETA cha mkoa wa Tanga ukaulize mwaka huu wana zipi. Fomu hutoka miezi ya mwisho ya mwaka, masomo huanza Januari. Mtoto anayechora maua ya kanga kwenye pembe za daftari pengine si mchoraji wa turubai bali ni mbunifu wa nguo, na cherehani itamlisha mapema zaidi. Kwa walio mbali na mji kuna vyuo vya maendeleo ya wananchi, kama cha Handeni na cha Kiwanda kule Muheza, ambavyo huchukua hata aliyeishia darasa la saba.

Wa muziki atazame ng'ambo ya bahari: Zanzibar kuna chuo cha muziki cha nchi za jahazi, Dhow Countries Music Academy, kilichoanza mwaka 2002 Mji Mkongwe. Huko ndiko utakapofundishwa udi, kanuni na fidla za taarabu na watu wanaozipiga kweli. Mtoto wa Tanga, mji uliomlea mwimbaji Shakila na kutoa vikundi vya Black Star na Lucky Star, asione taarabu ni ya wazee.

Kuna na njia isiyo na darasa. Edward Saidi Tingatinga hakusoma chuo cha sanaa. Alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za kawaida za kupakia vitu, akafundisha jamaa zake wachache, akafa 1972, na mtindo unaobeba jina lake unalisha familia mpaka leo kwa utaratibu ule ule wa fundi na mwanafunzi. Mwanamuziki Mzee Hukwe Zawose alitoka Ugogoni na ilimba na zeze lake, akahamia Bagamoyo, akafundisha pale chuoni na kuzunguka dunia, na muziki wake aliutoa kwao, si darasani. Siwataji kusema cheti hakina maana. Mwaka huu cheti kina maana kuliko zama zao, kwa sababu ajira, zabuni na shahada zote zinakiuliza. Nawataja kwa sababu mwaka mmoja kwa fundi mzuri, kabla ya chuo, haujapotea. Dar es Salaam kuna pia Nafasi Art Space, kituo cha wasanii cha Mikocheni kilichoanza 2008, ambako kijana anaweza kuona wachoraji wakiwa kazini na kufuatilia nafasi za mafunzo.

Na kwa mwenye kidato cha sita chenye alama za wastani: kiwango cha chini cha kuingia chuo kikuu ni ufaulu wa masomo mawili wenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. D mbili zinatosha kufika mlangoni, au C na E. Kozi yenyewe inaweza kudai zaidi, kwa hiyo soma kitabu cha udahili cha mwaka husika. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada za sanaa za maonyesho, uchoraji na usanifu, na muziki. Chuo Kikuu cha Makumira, karibu na Arusha, wana shahada ya muziki. Mwenye nia ya kufundisha sanaa aulizie Chuo cha Ualimu Butimba, Mwanza, ila ualimu una masharti makali zaidi kuliko D nne.

Hatua ya nne: mkoba wa kazi

Hapa ndipo mtoto wa D nne anapompita mtoto wa daraja la pili. D nne zinafungua mlango tu. Atakayekuchagua kati ya waliofika mlangoni anataka kuona umefanya nini. Mkusanyo huo wa kazi wengine huuita potifolio. Mimi naita mkoba, kwa sababu lazima ubebeke.

Kwa mchoraji, weka kazi kumi na mbili hadi kumi na tano. Zaidi ya hapo unamchosha mtazamaji. Na hapa ndipo ninapogombana na vijana kila mwaka: wote huleta sura za wasanii maarufu na wachezaji mpira, zilizonakiliwa kwenye picha ya simu, kivuli kwa kivuli. Zinapendeza, jirani zitamshangaza. Lakini mwalimu wa sanaa ameziona mia, na anajua kwamba picha ya simu ndiyo iliyofanya kazi ngumu: ilishageuza kitu cha mviringo kuwa bapa, wewe umenakili ubapa. Weka moja kama huwezi kuiacha. Zilizobaki ziwe za vitu halisi.

Mgao ninaoupenda mimi: michoro mitano ya watu waliokaa mbele yako, na angalau mmoja uwe wa mwili mzima, mikono na miguu ionekane, maana mikono ndiyo inayowakimbiza wengi na wasahihishaji wanajua kuitafuta. Mitatu ya mahali, mtaa au ufukwe, ili ionekane unajua kipi kiko karibu na kipi kiko mbali. Miwili ya vitu vya nyumbani, birika, mbuzi ya kukunia nazi, ungo. Miwili au mitatu ya rangi. Na kazi moja iliyotoka kichwani mwako tu, hata ikiwa ya ajabu. Kama unachonga au unafinyanga, piga picha kazi hizo pande tatu. Kama unachora kwa simu au kompyuta, weka mbili tatu, usiweke zote.

Halafu ongeza daftari chafu. Wazazi hulificha, wanataka kijana apeleke kazi safi. Kosa. Daftari lenye michoro iliyofutwa, iliyojaribiwa mara sita, yenye alama ya chai pembeni, linamwonyesha mwalimu namna unavyofikiri. Kati ya vitu vyote kwenye mkoba, hicho ndicho ningekiangalia kwanza.

Nyuma ya kila kazi andika kwa penseli jina lako, mwaka, ulichotumia na ukubwa wake kwa sentimita. Kazi ya makaa au penseli laini hufutika ikisuguana, basi ipulizie kidogo ile dawa ya nywele ya kopo, ukiwa nje na kwa mbali, kisha weka karatasi nyembamba kati ya kazi na kazi. Hewa yetu ya bahari hulegeza karatasi na kuipinda. Hifadhi kazi zikiwa zimelala kati ya makatoni mawili, ndani ya mfuko wa plastiki, mbali na ukuta. Usizikunje. Zikiwa kubwa, bomba la maji lililokatwa ni mkoba mzuri kuliko wowote wa dukani.

Ukitakiwa kuzituma kwa mtandao, zipige picha asubuhi mlangoni, mwanga wa kawaida, bila mwako wa simu. Simu iwe sawa na katikati ya kazi, kingo nne za karatasi zionekane zimenyooka, na mkeka au kidole gumba kisiingie ndani. Nimeona kazi nzuri zikiharibiwa na kivuli cha mpiga picha.

Wa muziki na maigizo mkoba wao ni video fupi, dakika mbili tatu kila moja, kamera imetulia, sauti inasikika. Zima feni na ufunge kuku. Nyimbo mbili zinazotofautiana zinatosha, moja iwe ya asili ya kwenu.

Hatua ya tano: usaili wa vitendo

Chuo cha sanaa kinachojiheshimu kitataka kukuona ukifanya. Mchezaji ngoma avae nguo za kunyoosha mwili, apashe viungo kabla ya kuitwa, na aje na ngoma moja ya kwao anayoijua kweli. Msambaa mwenye mdumange wake, Mzaramo na mdundiko, wana faida juu ya mtoto anayejua mitindo ya simu pekee, kwa sababu hiyo kila mtu anaijua. Mwimbaji aimbe kwa sauti yake mwenyewe ya kawaida, asipande juu kuwafurahisha watu. Kawaida utapigiwa mapigo kwa makofi uyarudie, basi fanya zoezi hilo nyumbani na mdogo wako. Mwigizaji aandae kipande cha mtu mmoja cha dakika mbili na akijue bila karatasi.

Halafu huja maswali. "Kwa nini sanaa?" Usijibu "kwa sababu nina kipaji." Hilo wao ndio watakaoamua. Waambie kitu ulichokifanya. "Msanii gani wa Tanzania unamjua kazi zake?" Hapo wengi hutaja nyota wa redio na kunyamaza. Jifunze majina machache ya fani yako: mchoraji asome habari za Sam Ntiro, George Lilanga, Elias Jengo. Mwigizaji awajue waandishi wa tamthilia Penina Muhando na Ebrahim Hussein. Mwimbaji aanze na Siti binti Saad. Usikariri tu majina, tafuta kazi zao uzione au uzisikie, kwa sababu swali la pili ni "umependa nini katika kazi yake?"

Na alama zako zitaulizwa. Zisemee mwenyewe kwa sentensi moja, bila kulaumu mwalimu wala kulia: "Nilifaulu masomo manne, nilikuwa dhaifu kwenye sayansi, na mwaka huu nimechora hivi." Kisha fungua mkoba.

Hatua ya sita: karatasi

Hili ni fupi lakini limeangusha wengi. Majina yafanane kwenye cheti cha kuzaliwa, matokeo na kitambulisho cha taifa. Mtoto aliyeandikishwa "Mwanaidi" kwa RITA, wanaotoa vyeti vya kuzaliwa, na "Idi" shuleni atasumbuka, kwa hiyo nendeni kwa wakili mkatengeneze hati ya kiapo ya majina mapema, si wiki ya usajili. Iweke namba ya mtahiniwa mahali panapojulikana, maana mifumo ya maombi huanza nayo. Na aliyesoma Kenya, ng'ambo ya Horohoro, anahitaji matokeo yake yalinganishwe na Baraza la Mitihani kwanza. Anzeni hilo kabla ya yote.

Hatua ya saba: kikague chuo kama unavyokagua samaki

Miaka kadhaa nyuma nilimlipia mtoto wa dada yangu pesa ya fomu kwenye chuo kimoja cha mjini, sitakitaja. Bango lake lilikuwa zuri (sikulichora mimi), katibu ana tai, kozi sita za sanaa ukutani. Pesa nikaituma kwenye namba ya simu ya mtu. Tulipofika kuanza, darasa la uchoraji lilikuwa chumba cha kompyuta, na kozi ile haikuwa na kibali chochote. Pesa haikurudi. Kosa langu, sikuuliza.

Siku hizi nauliza. NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi na ufundi stadi, lina orodha ya vyuo vilivyosajiliwa kwenye tovuti yake, na kila mwaka hutoa kitabu cha udahili chenye sifa za kila kozi. Angalia mambo mawili, siyo moja: chuo kimesajiliwa, na kozi yenyewe imo. Chuo kinaweza kuwa na kibali cha uhasibu kikatundika bango la filamu. Chuo cha serikali hulipwa kwa kontroo namba, yaani namba ya malipo ya serikali, kwa hiyo ukiambiwa tuma kwa namba ya mtu, ondoka.

Kisha nenda mwenyewe siku ya kawaida, saa nne asubuhi, bila taarifa. Omba kuona chumba cha mazoezi. Sakafu ya mazoezi ina jasho? Turubai zina rangi mbichi? Ongea na mwanafunzi wa mwaka wa pili mkiwa peke yenu, muulize mara ya mwisho mwalimu wa fani yake aliingia lini. Muulize waliomaliza mwaka jana wako wapi. Jibu hilo lina uzito kuliko majengo.

Hatua ya nane: pesa

Ada siyo gharama yote. Msanii ananunua rangi, karatasi, brashi, viatu vya mazoezi, nyuzi za gitaa, na hakuna anayekutajia hivyo kwenye fomu. Uliza chuo orodha ya vifaa vya mwaka wa kwanza, ongeza malazi, chakula, bima ya afya na nauli za likizo, ndipo ukae na familia. Uliza pia kama ada inalipwa kwa awamu, vyuo vingi hukubali.

Mikopo ya serikali kwa stashahada ilianza mwaka wa masomo 2023/24, ikilenga fani za kipaumbele kama afya, ualimu, usafirishaji, nishati, madini na kilimo. Orodha hupitiwa, kwa hiyo soma ya mwaka wako, lakini usipange maisha ukitegemea sanaa imo. Ukifika shahada ni habari nyingine, unaomba kama wenzako.

Kijana naye achangie. Mchoraji wa miaka kumi na minane anaweza kuandika majina kwenye bodaboda na ubao wa mgahawa. Nusu ya brashi zangu za kwanza zilitoka kwenye kazi hizo, na mkono ulinyooka humo humo.

Hatua ya tisa: panga ngazi kabla ya kupanda

Cheti cha awali ni ngazi ya nne, kinachofuata ni ya tano, na stashahada ni ya sita, kwa kawaida jumla ya miaka mitatu kwa aliyetoka kidato cha nne. Mwenye stashahada yenye wastani wa 3.0 katika 5, na masomo yake manne ya kidato cha nne yakiwa kamili, anafikia kiwango cha kuomba shahada. Maana yake mtoto wa foo anaweza kukaa darasa moja chuo kikuu na yule wa daraja la kwanza aliyepitia kidato cha sita, naye atakuwa na miaka mitatu ya jukwaa mgongoni. Mwambie mapema, kwa sababu wengi hufika mwaka wa pili wanaridhika na 2.4, kisha wanagundua mlango ulikuwa 3.0.

Siku ya safari

Kutoka Tanga usipande basi mpaka Dar es Salaam halafu urudi Bagamoyo, utazunguka bure. Pita Segera, shuka Msata, pale njiapanda chukua gari la Bagamoyo, lami mpaka mjini. Mwambie kondakta tangu Segera kwamba unashuka Msata, na mkoba wa kazi usikubali uwekwe kwenye buti chini ya magunia. Mpakate.

Yule kijana wa saluni, tulipohesabu, alikuwa na Kiswahili C, Uraia D, Jiografia D, na Dini B. Mama yake alinyamaza kidogo.

"Kwa hiyo tatu," akasema.

"Tatu, dada."

Alisajiliwa kurudia Historia na Kiingereza wiki hiyo hiyo. Asubuhi anasoma, mchana yupo hapa bandani. Leo kanichorea mkono wangu wa kushoto, umeshika brashi, na kidole gumba amekikosea.

"Rudia," nimemwambia. Yuko nje anarudia.